Upepo wa Mamu Adrienne

Daktari Arsène hakuwa na aibu hata chembe. Alisimama kwenye miguu ya kitanda, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya koti lake jeupe, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa mgonjwa wa karibu na mlango:

"Mamu, ulisha kujamba?"

Placide aligeuza uso upesi akatazama dirisha. Mama mkwe wake, Mamu Adrienne, alivuta kikwembe chake cha kitenge kikamfunika mpaka puani, akafumba macho kana kwamba amelala. Daktari alingoja kidogo, akatikisa kichwa, akamwambia muuguzi aendelee vilevile: maji ya mshipani tu, kinywani kisiingie kitu, hata tone. Kisha akahamia kitanda cha pili.

Neno lenyewe ni fupi na halijamkosea mtu. Watoto hulitumia kuchekana, walevi hulitumia kutukanana, na wenye heshima zao hulikwepa kama shimo la barabarani: watasema kutoa hewa, watasema kupitisha upepo, au hawatasema kitu, watakohoa tu. Lakini ingia wodi ya watu waliopasuliwa tumbo, hapo Likasi au popote pale, utalikuta limepanda cheo. Huko ndilo neno la kwanza asubuhi. Huko mtu mzima na mvi zake huulizwa swali hilo mbele ya kadamnasi, na akijibu ndiyo watu wanamshukuru Mungu kwa sauti.

Mamu Adrienne alipasuliwa kwa sababu utumbo wake ulijisokota. Alikuwa ameficha maumivu, akisema ni kuvimbiwa tu, ni bukari, ule ugali wa jana, akanywa majani machungu mpaka alipoanza kutapika na kushindwa kusimama. Kazi ya kisu ilikwenda vizuri. Tatizo ni kwamba utumbo ukishashikwashikwa na mikono ya watu hulala, na hakuna anayejua utaamka lini. Kinachokujulisha kwamba umeamka ni upepo. Ukitoka, njia iko wazi, mgonjwa anywe, ale, apone. Usipotoka na wewe ukamlisha, chakula kinakwenda kugonga mlango uliofungwa. Daktari alimweleza Placide jambo hilo bila kulipamba: tumbo litafura, mishono itaachia, na mwanamke wa umri ule, mwenye damu kidogo vile, akirudishwa mezani mara ya pili asitegemewe kutoka.

Basi maisha ya Mamu Adrienne yalikuwa yanangoja upepo wake, na aliyewekwa kuungoja, kwa bahati mbaya iliyo mbaya kweli, ni mkwewe wa kiume.

Hawa ni watu wa asili ya Kasai. Babu zao waliletwa Katanga kufanya kazi ya migodi, wakabaki, wakasahau mengi ya kwao, lakini ukwe hawakuusahau. Placide alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha shaba Shituru, mtu wa mjini mwenye simu ya kioo na shahada yake, na bado tangu amwoe Estelle hakuwahi kula mbele ya mama yake. Hakuwahi kukalia kiti alichoinuka yeye. Akimwona anatoka kanisani alivuka barabara, akainama kufunga kamba za viatu hata kama siku hiyo amevaa ndala. Chuki haikuwapo kabisa. Yeye alimwita Mamu, naye akamwita Tatu, yaani baba, kana kwamba kila mmoja amemzaa mwenzake, na heshima iliyokuwa katikati yao waliitunza wote wawili kama watu wanavyotunza vyombo vya sebuleni.

Mambo ya mwili, hayo ndiyo hayatajwi kabisa. Kitu kikimponyoka mtu mbele ya mkwe, aliyeponyokwa analeta kuku wa kusafisha uso, na mwenzake anasema "Sikusikia kintu," hata kama mabati yalitikisika. Mamu Adrienne alilelewa hivyo na mama aliyekuwa mkali kuliko yeye, akasomea Mulungwishi kwa wamisionari ambako akaongezewa adabu nyingine juu ya ile, na matokeo yake ni mwanamke ambaye hata neno "choo" alilisema kwa Kifaransa.

Nani mwingine angekaa naye? Estelle alikuwa na mimba kubwa iliyoanza kutoa damu, akaamriwa alale chali nyumbani, kambini Shituru, asiinue hata sufuria. Dada yake, Colette, alikuwa ndani ya treni kutoka Mwene-Ditu, na treni ilikuwa imelala njiani mahali fulani, simu yake haishiki. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, wakarudi kwao, maana kila mmoja ana nyumba yake. Hospitali haina mtu wa kumlinda mgonjwa. Mlinzi, yaani garde-malade, anatoka kwenye familia. Estelle alilia kwenye simu. "Placide," alisema, "ukimwacha peke yake atakufa, na mimi nitamfuata." Placide akachukua kigoda, akakiweka kati ya kitanda na dirisha, akakaa akiwa amempa mgonjwa bega.

Kilichowaokoa siku zile za kwanza ni kitanda cha pili. Kilikuwa na Mama Clémentine, mwuza makala, yaani mkaa, wa mtaa wa Kikula, mnene, mcheshi, naye kapasuliwa tumbo. Placide akitaka kumsemesha mama mkwe wake, alimsemesha Clémentine. "Mama, naomba umuulize Mamu kama mto uko sawa." Clémentine anageuza shingo, anauliza, anarudisha jibu, wakati watatu hao wangeweza kugusana kwa mikono. Alicheka mpaka akashika mshono wake. Lakini alikubali, na binti yake alipokuja kumwogesha, alimwogesha na Mamu Adrienne.

Mchana ule ule wa swali la daktari, Clémentine alijamba. Alijamba kwa sauti na kwa raha, akanyoosha mkono juu kama mtu aliyeitwa jina darasani. Binti yake alipiga vigelegele, wodi nzima ikapiga makofi, muuguzi akaja mbio akicheka, na kabla jua halijashuka Clémentine alikuwa anakunywa chai yenye sukari nyingi. Placide alitazama ile chai, na moyo ukamuuma. Alimwonea wivu mwuza makala kwa kitu ambacho mtu hapaswi kumwonea mwenzake wivu.

Mamu Adrienne naye alitazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Aliruhusiwa kuloweshwa midomo kwa kitambaa tu, na kitambaa hicho Clémentine ndiye aliyekishika. Asubuhi iliyofuata Clémentine aliruhusiwa kwenda kwao. Alipopita mbele ya Placide akiwa na mabeseni yake alisimama, akamwambia kwa sauti ya chini aache mambo ya bukwe, amuulize mama wa watu waziwazi, kwa sababu mama wa watu hataweza kusema kitu. Placide akaitikia kwa kichwa. Kitanda cha pili kikabaki na godoro tupu, na kati ya mkwe na mkwe hapakuwa tena na mtu wa kupitisha maneno.

Daktari alikuja amechelewa na amechoka. Aliweka kipimo tumboni, akasikiliza akiwa amekunja uso, akasema kuna kitu kinaanza kunguruma lakini ni kidogo, hawezi kukiamini. Akauliza tena lile swali. Mamu Adrienne akafumba macho. Daktari akauliza tena, sasa kwa sauti ya mtu anayesema na kiziwi, akaongeza kwamba hapa si ukweni, hapa ni hospitali, na watu hufa kwa aibu. Neno lile lilirudiwa na kurudiwa juu ya kichwa cha mwanamke yule, na Placide amekaa pale pale. Alitamani sakafu imfiche.

"Ndiyo," alisema Mamu Adrienne kutoka ndani ya kikwembe.

"Ulijamba?"

"Ndiyo, Docteur. Inatosha."

Daktari akamgeukia Placide. "Kweli? Weye uko naye hapa. Ulisikia?"

Placide hakuwa ametoka tangu kulipopambazuka. Hakuwa amesinzia. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia matone ya maji ya mshipani yakidondoka, na hakuna kitu kilichotoka, si kikubwa si kidogo. Alijua hivyo kama alivyojua jina lake. Lakini aseme nini? Aseme Mamu amedanganya? Amwite mama wa mke wake mwongo, mbele ya watu, tena katika jambo hilo?

"Ndiyo, Docteur," alisema. "Nilisikia."

Daktari akashusha pumzi. Akasema vizuri, aanzishiwe chai nyepesi, mchana uji mlaini, kidogo kidogo. Akampiga Placide begani, akaenda zake. Mamu Adrienne alifungua macho akamtazama mkwewe, kitambo kifupi tu, na katika macho yale palikuwa na shukrani. Hiyo shukrani ndiyo iliyomfunga Placide mdomo. Alijiambia labda ilitoka kimyakimya. Alijiambia mwanamke anaujua mwili wake. Mtu akitaka kuamini kitu, sababu hazimwishii.

Estelle aliposikia alilia kwa furaha, akamwelekeza jirani apike uji wa mahindi uliochujwa mara mbili. Placide akaufuata kwa pikipiki, akarudi ameukumbatia tumboni usipoe. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, alimlisha yeye mwenyewe. Alikaa ubavuni, uso ameuelekeza ukutani, mkono ukienda na kijiko kwa kubahatisha, na uji mwingine ukamwagika shingoni mwa mama mkwe wake. Mamu Adrienne alikunywa kwa pupa ya kiu. Mwishoni alisema, "Asante, Tatu," na hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia moja kwa moja tangu waingie mle.

Kabla ya jioni tumbo lilianza kupanda.

Kwanza ilikuwa kwikwi. Kisha akaanza kugeuza kichwa huku na huku, na shuka likainuka juu ya tumbo lake kama unga unaoumuka. Alitapika uji, akatapika chai, akatapika maji ya kijani yenye harufu iliyomfanya mlinzi wa kitanda cha mbali atoke nje. Placide alishika beseni kwa mikono yote miwili. Hakutazama ukuta tena, hapakuwa na nafasi ya kutazama ukuta. Muuguzi alipogusa tumbo, lilikuwa gumu kama ngoma, na Mamu Adrienne, ambaye hakuwa amelia hata siku aliyopasuliwa, alilia.

Daktari Arsène alikuja akikimbia. Alipima, akaguna, akasema na muuguzi kwa Kifaransa cha harakaharaka. Placide alikielewa chote: kama njia ilifunguka na sasa imejifunga tena, basi mshono wa ndani umeachia, na kama umeachia hakuna la kungoja, afunguliwe sasa hivi. Muuguzi akauliza habari ya damu yake iliyo kidogo. Daktari akasema damu anaijua, lakini afanye nini.

Placide alitoka nje. Kwenye ua wanawake walikuwa wanapikia wagonjwa wao juu ya mbabula, majiko ya makala, na hewa ilikuwa na ule ukali wa moshi wa kiwanda cha Shituru unaokwaruza koo. Alishika simu ampigie Estelle, akaona hana la kumwambia. Amwambie nimemuua mama yako kwa adabu? Alijichukia. Alimchukia na daktari kwa kuuliza, akamchukia Clémentine kwa kuondoka, akawachukia wazee wote wa Kasai waliokaa wakatunga habari ya kuku na "sikusikia kintu", halafu akarudi kujichukia mwenyewe, maana wale wote hawakuwamo chumbani. Yeye alikuwamo. Alikuwa na masikio mawili, akayakana.

Akarudi ndani kabla miguu haijabadili nia. Walikuwa wanamwandaa.

"Docteur," alisema, "ngoja. Mamu hayajamba. Toka siku ulimupasua, hayajamba hata mara moja."

Daktari alimtazama kama asiyeelewa lugha.

"Minye nilisema bongo, nilidanganya. Sikusikia kintu. Ye alikuwa na haya mbele yangu, na minye nilikuwa na haya mbele yake. Hayajamba. Mushono haikuachia, Docteur. Njia haiyafunguka bado."

Alilisema neno lote, halikuwa limefunikwa, na macho ameyaelekeza kitandani. Mamu Adrienne alivuta kikwembe kikafunika uso wote, hata paji. Mabega yake yalitikisika. Placide aliona ametoa kitu pale ambacho hakitarudi mahali pake, na kama mama huyu angekufa usiku ule, angekufa akiwa amevuliwa nguo na mkwewe.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia Placide kwa sauti ndogo kwamba alikuwa karibu kumfungua mwanamke huyu bure, na kwamba hatamwamini tena, wala asimwambie kitu tena kuhusu mgonjwa. Kisha akaagiza mpira. Waliupitisha puani mpaka tumboni, ukaanza kunyonya yale maji ya kijani, na kidogo kidogo ule ugumu ukalegea. Haukuisha. Akasema atampa mpaka kesho asubuhi. Ikifika asubuhi tumbo liko hivyo hivyo, atafungua, haya au si haya. Mpaka hapo dawa ni moja tu, mgonjwa atembee, maana mwili ukitembea na utumbo huamshwa.

"Nani atamtembeza?" aliuliza muuguzi, naye ana wodi nzima peke yake.

Usiku ule Mamu Adrienne hakuweza hata kuketi. Palipopambazuka Placide alivua viatu, akaingiza mkono chini ya kwapa la mama mkwe wake, akamwinua. Hakuwahi kumgusa hata kwa kumpa mkono. Alikuwa mwepesi kupita alivyodhani, mifupa na joto tu. Muuguzi aliuchomoa mpira kwenye chupa yake, akauziba, akaubandika shavuni. Chupa ya mshipani aliishika Placide kwa mkono wa pili, akaiinua juu. Wakatoka kwenye baraza ndefu ya hospitali, hatua moja, wanapumzika, hatua nyingine, na wanawake wa mbabula wakatazama, kisha kwa adabu wakatazama sufuria zao.

Walifika nguzo ya mwisho wakageuka. Hakukuwa na kitu. Wakarudi, wakageuka tena. Placide alikuwa anaomba kimoyomoyo, na hata sala ilikuwa inamshinda, maana mtu anaanzaje kumwomba Mungu kitu kama kile? Akaomba hivyo hivyo, akalitaja neno lenyewe.

"Tatu," alisema Mamu Adrienne. Sauti ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya mpira. "Niachilie. Nilale. Nife na heshima yangu."

Placide alisimama. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, ya kwanza katika ukwe wao wote.

"Heshima gani, Mamu? Estelle iko analala chali juu ya kitanda, anashika mutoto wa mu tumbo kwa mikono. Mukifa, nitaenda kumwambia nini? Nitamwambia mama alikufa juu ya heshima yangu minye? Siitaki. Muichukue. Minye nataka bibi yangu abakie na mama."

Mamu Adrienne alimtazama, uso kwa uso, labda kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari, na Placide akaona kwamba Estelle ana macho yale yale. Kisha yeye mwenyewe akavuta mguu mmoja mbele. Wakaendelea.

Jua lilikuwa limeshagusa mabati waliposikia magurudumu. Wahudumu wawili walikuwa wanasukuma kitanda cha kupelekea wagonjwa kwenye chumba cha upasuaji, wakakisimamisha mlangoni mwa wodi, wakawa wanawangoja. Mamu Adrienne alikiona. Placide alisikia vidole vyake vikimbana mkono. Walikuwa wamefika katikati ya baraza, na hapo alijikunja, akashika tumbo, akasimama kabisa.

Ilitoka ndogo, nyembamba, ndefu kidogo. Kisha ikafuata nyingine, na hiyo haikuwa ndogo.

Wote wawili hawakusogea. Kwenye ua mtu alikuwa anapepea makala kwa mfuniko wa sufuria.

"Ulisikia?" aliuliza Mamu Adrienne.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Placide, alilelewa nalo, lilitaka kutoka lenyewe. Alilimeza.

"Nilisikia, Mamu. Nilisikia muzuri."

Alimketisha kwenye kizingiti, akamtundikia chupa kwenye msumari wa dirisha, akakimbia. Alimkuta Daktari Arsène ameshavaa kofia ya upasuaji, ananawa mikono mpaka viwiko. Placide akamwambia. Alitumia neno lenyewe, akalirudia, akasema mara mbili, akasema kwa sauti. Daktari hakufunga hata maji.

"Jana ulisema vilevile," alisema. "Muso yako ilikuwa vilevile. Mulete mugonjwa."

Placide alishika mwimo wa mlango. Aliapa. Alitaja Estelle, akataja mtoto ambaye hajazaliwa. Daktari akamwambia apishe njia. Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililomuuma Placide zaidi. Neno alilokuwa amelingoja siku zote hizo sasa alikuwa nalo, la kweli, na mdomoni mwake halikuwa na thamani tena. Nyuma yake magurudumu yalikuwa yanakuja. Walikuwa wamemlaza, wamemfunika shuka la kijani, tumbo limeinuka chini yake, na kikwembe kimemfunika uso kama kawaida.

"Docteur," alisema Mamu Adrienne.

Wahudumu walisimama. Mkono mkavu ulitoka chini ya shuka, ukashika ncha ya kikwembe, ukakishusha. Ukapita paji, ukapita macho, ukapita mpira wa puani, mpaka uso wote ukabaki wazi mbele ya daktari, wahudumu, muuguzi, na Placide aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kugusana. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni.

"Nilijamba," alisema. "Mara mbili. Mukwe wangu alikuwa ananishika mu kiuno, na ye alisikia. Hasemi bongo. Jana minye njo nilisema bongo, ye alifwata tu."

Daktari alifunga maji. Alimtazama mwanamke yule kwa muda, mikono yake iliyonawa ikidondosha maji sakafuni, kisha akavua kofia. Akaweka kipimo tumboni, akafunga macho, akasikiliza upande mmoja, akahamia wa pili. Alikaa hapo muda mrefu. Akanyanyuka. Aliwaambia wahudumu wageuze kitanda, wamrudishe wodini, na muuguzi baada ya saa aanze kumpa maji, kijiko kimoja kimoja.

Placide alikuwa ameshageuka. Hakujua amegeuka saa ngapi. Shingo ilikwenda yenyewe, kwa mazoea ya miaka, na alikuwa anatazama dirisha la chumba cha upasuaji ambalo limepakwa rangi nyeupe na halionyeshi kitu. Alikuwa analia na hakutaka aonekane.

"Tatu," alisema Mamu Adrienne nyuma yake, "kuku nitakuletea. Lakini acha kuangalia dirisha. Geuka, unishike mukono, turudie ndani."